Kipima Joto Ndani ya Birika

Birika lilipochemka, fundi alitumbukiza ndani yake kipima joto alichokitoa asubuhi kwenye ndege ya dada yake. Kwa siku tatu kilikuwa kikidai kwamba hewa inayoingia kwenye injini inaunguza. "Muongo huyu," alimwambia dada yake, akaziba tundu kilimokuwa na kumruhusu aruke.

Sasa alitaka tu kukiumbua.

Sindano ya mita aliyokiunganisha nayo ilipanda, ikasimama. Nyuzi mia kamili, joto la maji yanayochemka. Akakipoza, akakirudisha majini. Mia tena.

Kumbe hakikudanganya. Akaikimbilia redio.

"Dada, geuza! Geuza sasa hivi!"

"Una nini wewe, kaka?" dada akacheka. "Ndiyo kwanza napaa kuuvuka mlima. Ila injini imeanza kugonga. Nayo ni muongo?"