Ncha ya Ulimi

“Na siku ukitakiwa kuonja maji ya samaki wako nawe umefunga, utafanyaje?” jirani aliwahi kumtania Bi Mwanakheri. Siku ile alicheka. Leo hakuwa na kicheko.

Samaki wote sita aliowatunza katika nyumba ya wageni walikuwa chini kabisa ya tangi la kioo, wakitweta. Kipimo cha chumvi, kile kijiti kinachokaa majini, kilionyesha ishirini, na samaki wa bahari hutaka thelathini na tano.

“Tuongeze chumvi, mama,” alisema Shali, mwenye nyumba, bakuli mkononi. “Wakifa hawa, nawe huna kazi.”

“Ngoja kwanza, mwanangu.”

Alijua kwamba mpishi aliyefunga huonja kwa ncha ya ulimi akatema, lakini moyo ulimdunda kama wa mwizi. Akapiga bismillahi, akachovya kidole, akaonja. Chumvi ikamchoma hadi machozi. Akatema mara tatu.

Akakitoa kijiti. Nchani kilikuwa kimeganda ukoko mweupe. Akausugua kwa siki, akakirudisha majini. Namba ikapanda: thelathini, arobaini, arobaini na nane.

“Nani kaongeza chumvi? Mimi sijatia hata chembe.”

Shali aliinamia bakuli lake. Lilikuwa limebaki robo.

“Tangu alfajiri,” alinong'ona. “Kila nikitazama, namba haipandi.”

Samaki mmoja akalala ubavu. Bi Mwanakheri akateka kata ya maji matamu ya kisima, akaanza kuyamimina taratibu, midomo ikisoma dua. Shali akaliweka bakuli sakafuni, akatoka.