Mita Thelathini na Tano

Mwanafunzi alikuwa na mvi, na springi ilikuwa imemrukia usoni kwa mara ya pili.

Mwalimu aliiokota chini ya meza ya maabara. “Nishati ya springi?”

“Nusu ya k, mara x.”

“Mara x tena. Hiyo x ya pili unaiacha nyumbani kila siku.”

Mkuu wa shule ndiye aliyemleta yule bwana, wiki tatu zilizopita: mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kitengo kipya chenye hesabu nyingi. Bosi wake alimpa hadi Ijumaa. Akishindwa, anarudi ghalani kubeba mabuti na makoti ya mvua, na mgongo wake ulikuwa umeshasema basi.

Mwalimu alimpenda. Hakuwa na kipaji hata cha kuombea maji, lakini alikuwa king'ang'anizi. Wenye kipaji walikuwa wakisinzia darasani mwake.

Isitoshe, Mwalimu mwenyewe hakuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Gari lilikuwa kwa fundi tangu alipogonga geti la kiwanda cha maziwa, na kwa miguu ilikuwa mwendo wa saa nzima. Alishawaeleza polisi kwa maandishi: alikuwa kwenye kilomita arobaini kwa saa, paka akakatiza. Alimsimulia hata mwanafunzi huyu, siku ya kwanza kabisa. Paka mwenyewe alinenepa kidogo kila aliposimuliwa.

Alhamisi ilikuwa siku ya mwisho. Kwa desturi ya Mwalimu, siku hiyo mwanafunzi hutunga swali lake na kulitatua. Likiwa sahihi, Mwalimu huandika maoni, hutia saini na kupiga muhuri wa idara. Miaka ishirini hakuwahi kuruka hatua hata moja.

Bwana akaandika polepole. Gari la kilo elfu moja linafunga breki. Linaburuza matairi mita thelathini na tano, kila sekunde likipunguza mwendo kwa mita nane kwa sekunde. Kisha linabonyeza kizuizi chenye springi, k ikiwa nyutoni laki moja kwa mita, kwa sentimita arobaini, linasimama. Lilianza na mwendo gani?

Alianzia mwisho, kwenye springi, x zote mbili zikiwa mahali pake. Kutoka hapo akapata mwendo wa kufika kwenye kizuizi: mita nne kwa sekunde. Akarudi nyuma hadi kwenye breki. Jasho lilidondokea karatasi.

“Ishirini na nne kwa sekunde,” alisema. “Kwa saa ni kilomita themanini na sita na kitu.”

Mwalimu alikagua mstari kwa mstari. Hapakuwa na kosa. Alifurahi, akachukua kalamu nyekundu: Sahihi kabisa. Dereva huyu hafai kuwa barabarani. Jina kamili, saini, tarehe, muhuri.

Akamwambia kesho bosi wake atanyamaza. Kisha akauliza namba nzuri namna ile amezitoa kitabu gani, maana angependa kuwapa wanafunzi wake.

Bwana aliiweka karatasi ndani ya faili, akatoa kofia ya trafiki kwenye mkoba, akaivaa.

“Nilizipima mwenyewe, Mwalimu, pale kwenye kizuizi cha geti la kiwanda cha maziwa,” alisema. “Ila paka sikumpata.”