Sauti Iliyobaki Mbeya

Siku hizi kila anayevuka mpaka huacha sauti yake nyumbani, kwenye kisanduku kinachojibu kama yeye. Nilipokwenda Ndola kununua vitenge, nilimwachia cha kwangu binti yangu Tusekile, aliyebaki na bibi yake asiyesikia vizuri. Nilikiagiza kisanduku: homa imeingia, anayetoka safari asifunguliwe mlango.

Mipaka ikafungwa nikiwa huko huko. Homa ikanipata. Nilipona, ila sauti ikabaki inakwaruza.

Leo nimefika. Nikapiga hodi.

"Karibu," ikaitika sauti yangu kutoka ndani, ile laini ya zamani.

"Tuse, ni mama. Nifungulie."

Nyayo zake zikaja mbio, zikasimama nyuma ya mlango.

"Mama," akaita, lakini alikuwa anakiita kisanduku, "kuna mtu anasema yeye ni wewe."

"Muulize ametoka wapi."

"Ndola," nikasema mwenyewe. Uongo haukunijia upesi.

"Basi usimfungulie, mwanangu. Njoo ule, bibi ameshapakua."

Nikasikia komeo likisukumwa.

"Samahani, shangazi," Tusekile akaniambia kwa ile adabu niliyomfundisha mimi. "Mama amekataa."