Mkono wa Mama Mkwe

"Kahawa ya maziwa ya nyumba hii ni mkono wangu," mama mkwe aliwaambia wageni. "Huyu mke wa mwanangu hata kuchemsha maji kunamshinda."

Wakacheka. Nilikuwa mlangoni na sinia.

Sikurudi jikoni. Niliweka mezani kahawa, maziwa ya moto na chupa ninayotikisia maziwa kila Jumapili hadi yatoe povu.

"Mama, leo waonyeshe," nilisema kwa upole.

"Si ungemalizia tu, mwanangu?"

Hakuwa amewahi kuniita mwanangu.

"Nitakuharibia, mama."

Wageni walisogeza viti. Aliichungulia chupa ndani, kisha akamimina humo kahawa badala ya maziwa.

Niliketi katikati ya wageni, nikasubiri kikombe changu.