Kijani Maana Yake Salama

Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, na kibao ukutani bado kilikuwa kinang'aa kijani.

"Umeona? Kijani!" alisema Mkuu wa Stoo ya Hati, suruali ameikunja hadi magotini. "Hali shwari."

Nyuma yake alikuwa mjane mmoja. Alikuja kuchukua hati ya nyumba aliyoinunua mwenyewe, kwa jasho lake. Shemeji yake alikuwa mahakamani tangu asubuhi, akidai nyumba ilikuwa ya marehemu kaka yake. Hakimu alimpa mjane mpaka saa nane alete hati halisi, la sivyo ahame na watoto.

Kibao hicho, jamani, kilikuwa fahari ya ofisi. Kililetwa mwaka jana na binti mmoja mtaalamu kutoka maabara. Kilikuwa kimepakwa unga unaong'aa wenyewe gizani: pakiwa pakavu na baridi, kijani; joto likizidi, njano; unyevu ukiingia, hata wa pumzi tu, kinakuwa chekundu. Binti aliacha agizo moja: kikae wazi, kipate hewa ya chumba. Mkuu aliitikia sana kwa kichwa, jinsi watu wasiosikiliza wanavyoitikia.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga stoo. Ya nini? Kila asubuhi Mkuu alichungulia kwenye tundu la mlango, akaona kijani, akarudi kwenye chai yake. Fundi alipokuja kusema bomba la juu linavuja, alifukuzwa. "Wewe na kibao, nani msomi?"

Hata mjane alikuja, mvua zilipoanza. "Baba, nifungie basi hati yangu kwa nailoni."

Mkuu alicheka mpaka akakohoa. "Nailoni tulikuwa nayo kipande kimoja tu, mama, na kimeshapata kazi ya maana. Nenda kalale. Kibao kinalinda."

Sasa alivuta droo. Maji yalimwagika. Akachovya mkono, akatoa bonge la karatasi lililolowa, likamegeka vidoleni mwake. Wino ulikuwa umeshaondoka zamani.

Mjane alipiga yowe, akaketi kwenye ngazi. Ilikuwa saa saba na nusu.

"Yule binti tapeli!" Mkuu alifoka. "Katuuzia kibao kibovu! Na mimi nilivyokitunza kama mboni ya jicho!"

Mjane akamtazama. Kisha akainuka, akayakata maji hadi ukutani, akakitungua kibao. Kiliteleza mkononi. Akakigeuza. Nyuma kulikuwa na mafundo mawili, yamekazwa vizuri, na gundi juu yake.

"Baba," alisema, "hii ni nailoni?"

"Sasa je, mama! Kitu cha gharama kama hicho, ulitaka kilowe?"