Mstari wa Zamda

Albamu ya tisa ya Mzee Chuma ilirudi kutoka serikalini ikiwa imesafishwa, kama zinavyosafishwa nyimbo zote siku hizi. Sauti ilikuwa yake na mdundo wake, ila maneno mtambo wao wa ukaguzi ulishayabadili, na hata nakala ya kwenye simu yake ikajibadili papo hapo.

Katika wimbo mmoja yeye alighani jinsi mkewe Zamda alivyokata roho kwenye benchi la hospitali, mtungi wa oksijeni umepelekwa kwa mke wa mkubwa. Sasa alijisikia, kwa sauti yake mwenyewe, akiwashukuru wauguzi.

"Washenzi hawa! Marehemu wangu wamemfanya tangazo."

"Lakini baba, mtaa mzima unaupenda wimbo huu," alisema binti yake Siwema, akichambua mchicha, kichwa kikienda na mdundo. "Miaka mingapi hawajakupiga redioni?"

"Hip-hop ya kupongeza wakubwa? Hiyo kwaya, mwanangu. Tulia nikupe wenyewe."

Mzee Chuma hakuwahi kuandika mstari hata mmoja. Shule aliishia darasa la nne, na marapa wenzake walimheshimu kwa hilo: mistari yote kichwani. Akagonga meza kwa vidole, akaanza. Benchi likaja, mkono wa Zamda wa baridi ukaja. Mstari wa mtungi ukamponyoka, na mahali pake ukaingia ule wa wauguzi, umekaa sawasawa na vina vyake.

Akaanza tena toka juu. Ukaingia uleule.

"Hapo sasa, baba," alisema Siwema bila kuinua macho. "Umeshaushika."