Sabuni Juu ya Kioo

"Mama malineti, sabuni njo dawa ya miwani yako. Basi pakaa na hapa!"

Askari alimwita Kavuo hivyo kwa ajili ya miwani yake, akamsogezea darubini ya bunduki. Baridi ya alfajiri ilikuwa imepanda kutoka mto Lualaba, na kila alipolenga mtumbwi wa watu waliokuwa wakikimbia vita, kioo kilishika ukungu.

Kavuo alichukua kipande cha sabuni kwenye meza yake ya biashara. Alikisugua kikavu juu ya kioo, kisha akapangusa kwa pindo la kitenge mpaka kikang'aa, kama alivyofanyia miwani yake kila asubuhi ya baridi.

"Angalia kama iko safi," askari alisema, akicheka. "Leo hawanikimbii."

Kavuo aliinama, akachungulia. Kule mtoni, mdogo wake wa mwisho alikuwa akipiga kasia, amekenua meno kwa baridi.

Aliinua kichwa.

"Bado, mwanangu. Kuna uchafu kidogo."

Akachovya kidole katika kopo la mawese lililokuwa mezani, akakipitisha juu ya kioo.

"Mama," askari alisema polepole, kicheko kimemwisha, "ile njo sabuni gani?"